Chujio la mchanga kijijini: wiki mbili za familia, miezi mitatu ya kazi

Familia nyingi zinazoishi Canada, Marekani, Uingereza au Ghuba hupanga safari ya kwenda nyumbani na kutenga wiki mbili za kujitolea kwenye maji. Nyingine ni za wageni kabisa, zimealikwa na parokia, msikiti au shule rafiki. Chujio la mchanga linafaa sana kazi ya namna hii: halitumii umeme, vifaa karibu vyote viko kijijini, na hata mtoto wa miaka 10 ana cha kufanya. Shida yake ni kalenda. Zege linataka siku 7 likomae, na utando unaoua vijidudu unataka hadi siku 30 ukue. Familia iliyokuja kumwaga zege siku ya kwanza hupanda ndege kabla haijaona chujio hata moja likifanya kazi, na nyuma yake hubaki masanduku ya zege ambayo wenyeji huyageuza viti.

Mpango ulio hapa chini ni wa machujio 20 kwenye kijiji kinachochota maji ziwani, mtoni au kwenye lambo, mfano vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria.

Kwanza: je, maji yenu yanatibika kwa mchanga?

Mchanga huondoa tope, mayai ya minyoo, giardia na amiba karibu wote, bakteria wengi, na virusi kwa kiasi. Hauondoi kitu kilichoyeyuka ndani ya maji. Chumvi ya visima vya pwani itapita ilivyo. Floraidi itapita pia, na hilo ndilo kosa baya zaidi, kwa sababu maji yenye floraidi huwa maangavu na matamu mdomoni. Kuzunguka Mlima Meru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, angalieni meno ya watoto waliozaliwa hapo: yakiwa na madoa ya kahawia, pelekeni sampuli maabara kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi hapo, achaneni na mchanga mkavune mvua. Hesabu yake ni fupi: eneo la paa kwa mita za mraba, mara mvua ya mwaka kwa milimita, mara 0.8. Paa la mita 6 kwa 8 penye mvua ya milimita 800 hutoa takriban lita 30,700 kwa mwaka.

Kipimo cha tope hakihitaji mashine. Jazeni maji chupa ya plastiki angavu ya lita 2, isimamisheni juu ya karatasi yenye maandishi makubwa, kisha tazameni kwa juu kupitia mdomo wa chupa. Maandishi yakionekana, maji yanaingia kwenye chujio moja kwa moja. Yasipoonekana, yatulie kwanza usiku kucha kwenye ndoo na yamiminwe taratibu kupitia kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne. Shabu na unga wa mbegu za mlonge husaidia tope lituame haraka.

Jambo moja la ziwani lisemwe wazi kwenye mkutano wa kijiji: chujio halimkingi na kichocho anayeingia majini kuchota. Kichocho huingilia ngozini. Hilo linadai gati la kuchotea au pampu, ambayo ni kazi nyingine.

Kwa nini mchanga unafanya kazi

Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 Hamburg, Ujerumani. Mji jirani wa Altona ulichota maji kwenye mto uleule wa Elbe, tena chini ya mkondo ambako uchafu wa Hamburg ulikuwa umeshaingia, na bado uliathirika kidogo sana. Altona ilikuwa ikichuja maji yake kwa mchanga, Hamburg haikuwa ikichuja. Miaka ya 1990 Dk. David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, aliupunguza mtambo huo ukatosha jikoni, na ukaweza kutumika kwa vipindi badala ya maji kupita mchana na usiku.

Siri iko kwenye sentimita 5 za maji yanayobaki juu ya mchanga kila maji yanapoacha kutoka. Chini yake, kwenye sentimita chache za juu za mchanga, huota utando hai: jamii ya viumbe wadogo wanaokula bakteria wanaoingia. Maji yakiwa na kina zaidi ya sentimita 6 hewa haiwafikii, wanakufa. Yakiwa chini ya sentimita 4, kila ndoo inayomiminwa huuchimbua utando, na siku ya joto hukauka. Karibu kila kanuni ya chujio hili inatoka kwenye kipimo hicho kimoja.

Wiki 6 kabla ya safari

Anzeni kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini wa Tanzania. Si adabu tu. Huko ndiko mtakakoambiwa kama mradi wa bomba unafika kijijini mwakani, na kama unafika, pelekeni fedha zenu kijiji kingine. Wenye pasipoti za kigeni waulize Uhamiaji mapema: viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya kujitolea.

Tafuteni mafundi wawili wa pale pale, mmoja wa ujenzi na mmoja wa kuchomelea, pamoja na mhudumu wa afya wa jamii mmoja. Hawa watatu walipwe. Familia inajitolea, wao wanafanya kazi, na wao ndio watakaobaki. Kaya 20 zichague zenyewe kuingia, na kila moja ichangie kitu: kubeba na kuchekecha mchanga wake, au fedha kidogo inayopangwa na mkutano wa kijiji. Chujio lililotolewa bure kabisa kwa kaya ambayo haikuliomba hukauka ndani ya mwezi.

Tarehe zifuate kiangazi. Mchanga wenye unyevu haupiti kwenye wavu mwembamba, unaganda juu yake kama ugali. Juni hadi Agosti ni wakati mzuri, na ndio likizo ya shule Marekani na Ulaya. Desemba kanda ya ziwa ni kujitafutia maudhi.

Kwenye sanduku la safari wekeni kitu kimoja kuliko vyote: wavu wa chuma cha pua wenye matundu ya milimita 0.7, yaani matundu 24 kwa kila inchi, mita 3 au 4. Wavu wa mbu wa dirishani hauwezi kushika nafasi yake, matundu yake ni makubwa. Ongezeni vijikaratasi vya kupimia klorini. Kama mafundi wanaanza kabla yenu, na wataanza, wavu utangulie na mtu mwingine.

Wiki 3 kabla: mafundi wanamwaga

Kalibu, yaani umbo la kumwagia zege, ni ya chuma, ina ukuta wa nje na wa ndani, na hutoa sanduku moja kwa siku lenye urefu unaokaribia mita 1 na upana wa sentimita 30 hivi. Kalibu mbili kwa siku 10 ni masanduku 20. Sanduku moja linataka:

saruji lita 12;
mchanga uliopita wavu wa milimita 1, lita 24;
kokoto ndogo (zilizopita milimita 6 zikabaki juu ya milimita 1), lita 12;
kokoto kubwa (zilizopita milimita 12 zikabaki juu ya milimita 6), lita 12;
maji lita 7 hadi 10.

Pimeni kwa ndoo ileile, msipime kwa koleo. Mfuko wa kilo 50 una takriban lita 35, kwa hiyo ni masanduku matatu kasoro kidogo. Kwa 20 nunueni mifuko 8.

Changarawe bora ni ya mawe yaliyopondwa machimboni. Mchanga wa mtoni au ufukweni umeshazoeana na kinyesi cha ng'ombe, tena chembe zake mara nyingi zimelingana mno. Agizeni angalau mara mbili ya hesabu yenu, maana nyingi itakataliwa na nyavu.

Kalibu ipakwe mafuta ya kupikia. Oili chafu ya gari, ambayo kila fundi ataitoa kwanza kwa sababu ipo na ni bure, inaingia kwenye zege na baadaye kwenye maji ya kunywa. Mpira wa plastiki wa kutolea maji, kipenyo cha ndani milimita 6, urefu mita 1 na kidogo, hufungwa ndani ya kalibu kabla ya kumwaga. Ncha zake zizibwe kwa tepu. Mpira ulioziba saruji ni sanduku lililokufa, halina dawa.

Changanyeni saruji na mchanga vikiwa vikavu hadi rangi iwe moja, kisha kokoto, kisha maji kidogo kidogo. Kalibu husimama kichwa chini, hivyo kitako cha sanduku ndicho kinachomalizwa mwisho. Mwageni kwa tabaka, kila tabaka lisindikwe kwa nondo na kalibu igongwe pande zote kwa nyundo ya mpira. Viputo vya hewa vikiisha kutoka, endeleeni. Vishimo mtakavyoviona ukutani kesho yake kama sega la nyuki ndio uvivu wa nondo leo.

Baada ya saa 24 kalibu inafunguliwa. Sanduku lifunikwe gunia bichi na limwagiwe asubuhi na jioni kwa siku 7. Kisha lijazwe maji hadi juu na kusubiriwa. Unyevu mdogo wa ukutani hujiziba wenyewe. Panapodondoka, kausheni, kwangueni na mzibe kwa uji mzito wa saruji.

Familia imefika

Masanduku 20 yamekomaa. Sasa mikono mingi ina maana, kwa sababu kazi iliyobaki ni kuosha.

Kila chujio linahitaji kokoto kubwa lita 3, kokoto ndogo lita 3 na robo, na mchanga uliopita milimita 0.7 karibu lita 30. Chembe zilizo kati ya milimita 1 na 0.7 hazifai ndani ya chujio. Anayechekecha avae barakoa, vumbi la mawe ni baya kwa mapafu. Watoto waachiwe kuosha kokoto, wasikaribie saruji mbichi: inaunguza ngozi polepole, na mtoto hasemi mpaka jioni.

Kokoto huoshwa hadi maji yawe safi kabisa. Mchanga sivyo, na hapa ndipo wageni wenye bidii huharibu. Wekeni mchanga wa kina cha sentimita 10 kwenye karai, maji mara mbili yake, zungusheni kwa vidole mara 10, mwageni maji machafu, mrudie huku mkihesabu. Chukueni kiganja kimoja, wekeni kwenye bilauri angavu na maji, zungusheni, mkisimamisha hesabuni sekunde 4 na mtazame kwa juu. Mkiona uso wa mchanga kwa ukungu, inatosha. Maji yakiwa maangavu kama ya chupa, mmeosha kupita kiasi: chembe laini zimekwenda na chujio litakimbiza maji. Andikeni idadi ya miosho, na rundo lote la machimbo hayo lioshwe idadi hiyohiyo.

Chujio hujengwa mahali litakapokaa miaka yote, ndani au kibarazani, kivulini, pasipofikiwa na mbuzi, sakafu iwe bapa. Sanduku tupu lina kilo zaidi ya 70. Likishajazwa hukaribia 150, na kulisogeza hushindilia mchanga. Hatua zenyewe:

1. Simamisheni kijiti ndani, kitako chake sakafuni. Pigeni mstari usawa wa mdomo wa sanduku, mwingine sentimita 5 chini yake, wa tatu sentimita 5 chini ya wa pili.
2. Jazeni maji hadi nusu. Maji hutangulia daima. Mchanga mkavu ukitangulia, hewa inanaswa humo na haitoki.
3. Mwageni kokoto kubwa hadi kijiti kikisimama juu yake mstari wa pili uwe usawa wa mdomo. Kisha kokoto ndogo hadi mstari wa tatu. Sawazisheni kila tabaka kwa kiganja.
4. Mchanga uingie kwa mkupuo, ndoo baada ya ndoo bila kupumzika, ili chembe kubwa na ndogo zisitengane. Maji yawe juu ya mchanga muda wote.
5. Ongezeni maji, subirini yaache kutoka yenyewe, pimeni kina cha maji yaliyobaki. Sentimita 5. Yakizidi ongezeni mchanga, yakipungua punguzeni mchanga.
6. Wekeni bati lenye matundu ya milimita 3, yaliyopishana sentimita 2 na nusu. Ndilo linalozuia maji ya ndoo yasichimbe shimo. Lisiguse maji yaliyotulia, na lisiache upenyo pembeni.
7. Pitisheni maji mpaka yatoke maangavu. Dumu mbili hadi nne za lita 20.
8. Jazeni hadi juu mpime mwendo. Chupa ya lita 1 isijae kabla ya dakika 2 na nusu.

Likikimbiza kuliko hapo, mchanga umeoshwa mno au una chembe kubwa. Toeni, wekeni ulioshwa mara chache. Likidondoka kama machozi, haukuoshwa vya kutosha.

Mwisho, mdomo wa kutolea maji umeshikwa na mikono ya watu kumi. Ungeni kwa muda mpira wenye faneli, unyanyueni, mmimine lita 1 ya maji yenye kijiko cha chai cha jiki isiyo na manukato, subirini dakika 2, toeni mpira, kisha pitisheni dumu moja la maji. Mdomo ufutwe.

Timu ya watu wanne ikishazoea hujenga mawili kwa siku bila kukimbizana. Siku 10, kaya 20, na zinabaki siku nne za kuzirudia kaya walizoanza nazo.

Mama mwenye nyumba anaambiwa nini

Aambiwe yeye, akiwa anamimina kwa mkono wake, na lugha iwe ya pale. Maelezo ya nusu saa kwa Kiswahili cha kitabuni kwa bibi anayezungumza Kisukuma ni muda uliopotea. Mpeni nafasi mhudumu wa afya.

Kila siku amimine angalau mara moja, hadi lita 12 kwa mmimino. Kati ya mmimino na mmimino, lipumzike saa 1 au zaidi, lisipite saa 48. Chanzo cha maji kiwe kilekile, utando umezoea maji hayo. Ndoo ya kuchotea si ndoo ya kupokelea. Ya kupokelea iwe na mfuniko na koki, nayo ioshwe kwa sabuni kila wiki. Kwa siku 30 za mwanzo maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, na baada ya hapo dawa bado ni busara, hasa msimu wa kipindupindu. Dawa inatiwa kwenye ndoo ya maji yaliyochujwa. Wengi huitia juu ya chujio wakidhani wanaliongezea nguvu, na wanaua utando wote siku hiyo.

Kuna mengine yanayofanywa kwa nia njema. Kufunga koki kwenye mdomo wa kutolea: maji yanasimama juu kuliko sentimita 5, utando unakosa hewa. Kuunganisha mpira mrefu ufike kwenye ndoo: mpira unanyonya maji yote na mchanga unakauka. Kuweka maziwa au nyanya juu ya bati kwa sababu pana ubaridi: sisimizi na mende wanafuata.

Maji yakianza kutoka kwa unyonge unaomkera, ndipo lisafishwe, si kabla. Anatoa bati, anamimina lita 4, anazungusha kiganja bapa akigusa mchanga kijuujuu tu, anachota maji machafu kwa kikombe na kuyamwaga shimoni. Anarudia hadi mwendo urudi, anasawazisha mchanga, anarudisha bati, ananawa kwa sabuni. Siku chache zinazofuata atumie dawa tena.

Baada ya ndege

Mhudumu wa afya apite siku ya 7, siku ya 30, kisha miezi 3, 6 na 12, na ujira wake wa mwaka mzima uwe umeshaachwa kijijini. Kwenye daftari, kila kaya ukurasa wake: kina cha maji, sekunde za kujaza lita 1, chujio limelowa au limekauka, ndoo ina mfuniko au haina. Siku ya 30 apeleke sampuli chache maabara ya maji, ya ndoo ya kuchotea, ya mdomo wa chujio na ya ndoo ya kupokelea. Mdomoni pakiwa safi na ndooni pachafu, shida ni ndoo au kikombe, na hakuna haja ya kugusa mchanga.

Lililokauka kwa wiki kadhaa halijafa. Mchanga wa juu usafishwe, maji yapitishwe, na siku 30 zihesabiwe upya.

Kwenye stoo ya fundi ziachwe kalibu zote mbili, bolti za kuvutia kalibu ya ndani, mpira wa mita 10, vipande vya bati, na mita 2 za ule wavu wa milimita 0.7. Huo ndio unaochanika wa kwanza.